Ukiwa bosi, sio lazima ushinde kila ubishi

Nimeongoza timu ya watu tisa kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu nilikuwa naamini kazi ya kiongozi ni kuwa na jibu, yaani mtu akinipinga naona kama ananipima, kwa hiyo namjibu hapohapo, kwa sauti, mpaka anyamaze. Na walikuwa wananyamaza kweli.

Kuna siku dada mmoja mgeni kazini aliniambia taratibu, "bosi, hizi namba za ripoti naona kuna sehemu zimehesabiwa mara mbili". Sikuinua hata macho, nikamwambia nimeshaziangalia, ziko sawa. Wiki mbili baadae ripoti imeshafika juu, maamuzi yameshafanyika, ndo inagundulika ni kweli zimehesabiwa mara mbili. Nikamwita, nikamuuliza mbona hukukazania? Akanijibu, "nilikwambia bosi, ukasema umeshaziangalia". Hakuwa na hasira hata kidogo na hicho ndo kiliniuma, alikuwa ananieleza tu jinsi mambo yanavyoendaga pale kwetu. Nilipokaa nikafikiria nikaona wale wengine wanane walishaacha kunibishia siku nyingi, mi nikadhani tunaelewana.

Baada ya hapo nikasoma habari za ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, ya Machi 27, 1977, ndege mbili za Boeing 747 zilizogongana uwanjani kwenye ukungu wakafa watu 583. Rubani mkuu wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, alikuwa mzoefu wa kuheshimika sana, alianza kuruka bila kibali, na injinia wake wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine, ya Pan Am ya Marekani, bado haijatoka njiani, akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, basi, swali likaishia hapo. Kosa langu la ripoti halifiki hata robo ya hilo najua, lakini lile jibu nililitambua kabisa, ni lilelile la kwangu. Mashirika ya ndege yalikuja kubadilisha mafunzo, wasaidizi wafundishwe kusema na marubani wakuu wafundishwe kusikiliza, na hilo la pili ndo gumu zaidi kwa maoni yangu.

Mimi nilianza na neno moja. Badala ya "nimeshaangalia" nasema "nionyeshe", hata kama nina uhakika, hata kama nina haraka. Kwenye kikao naongea mwisho, maana nikitangulia mimi wote wanaimba wimbo wangu. Na nikikosea nasema mbele ya walewale walionisikia nikikosea, sio pembeni na mtu mmoja. Maamuzi bado nafanya mimi, usije ukaelewa kwamba unatakiwa uyumbe kila mtu akikohoa, ila nataka niamue nikiwa nimesikia wanachokijua wao.

Sijapona kabisa. Juzi yuleyule dada alinikatalia mbele ya timu nzima, moyo ukanidunda kama zamani, mdomo ukafunguka, nikajizuia nikasema haya nionyeshe, akageuza kompyuta tukaangalia wote mstari kwa mstari. Safari hii nilikuwa sahihi mimi. Nikamshukuru kwa kuuliza, tukaenda kwenye ajenda inayofuata.