Shangazi Anajibu: Kansa imekuja nyumbani, kibanja tuuze au tusiuze?

Mwezi huu barua za kansa zimekuwa nyingi kuliko za ndoa, na karibu zote zinauliza pesa. Nimechukua nne. Mimi mwenyewe nilitibiwa titi na bado nameza vidonge, kwa hiyo haya naandika kama mtu aliyekaa kwenye hayo mabenchi.

Shikamoo Shangazi. Mke wangu alikuwa na uvimbe kwenye titi, wakakata kipande wakapima, jibu limerudi ni kansa. Daktari anasema twende Kampala. Kaka zangu wananiambia niuze kibanja sa hivi kwa sababu kansa inamaliza pesa, na mnunuzi ameshakuja ila anatoa nusu ya bei maana anajua tuna shida. Tuna watoto wanne. Nifanyeje?
*Baba wa wanne, Kasese*

Marahaba mwanangu, poleni sana wewe na mama watoto. Usiuze. Sisemi usiuze kabisa kabisa, labda mbele huko itabidi, ila leo usiuze kwa sababu hujajua bado unauzia nini.

Kansa ya titi si ugonjwa wa namna moja. Kuna mwanamke anafanyiwa oparesheni alafu anapewa vidonge, kuna mwingine anaanza na dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua kansa, miezi kadhaa ndo akatwe, mwingine anaongezewa mionzi, na kuna wenye aina inayoitwa HER2 ambao dawa yao ni ya bei kali sana. Yote hayo yanaamuliwa na vipimo, na hicho kipande walichokata ndo kinachosema. Sasa rudi hospitali mlikopimwa, uliza kama walipima homoni na HER2, kama hawakupima omba wakupe kile kipande chenyewe, huwa wanakihifadhi ndani ya kipande kidogo kigumu cha nta, pamoja na karatasi ya majibu. Weka kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) safi na ukishike kama pesa. Watu wanafika Kampala mikono mitupu, wanaambiwa wakatwe tena kipande kingine, wanalipa mara mbili na wiki tatu zimepotea.

Mkifika Taasisi ya Kansa pale Mulago, usitoke kwa daktari bila mpango mzima. Nunua daftari la watoto wa shule, muulize taratibu: dripu ni ngapi, kila baada ya wiki ngapi (nyingi huwa wiki tatu), oparesheni ni kabla au baada, mionzi ipo au haipo. Alafu swali ambalo watu wanaona aibu kuuliza, kila dawa uliza "hii iko stoo au naenda kununua?" Ile ni hospitali ya serikali, upande wa kawaida dawa ikiwepo mgonjwa anapewa bila kulipa, shida ni siku imeisha unaandikiwa ukanunue nje. Hapo usikimbilie duka la kwanza, bei zinatofautiana sana, ulizia hata maduka matatu kwa jina la dawa lenyewe na siyo jina la kampuni. Na mtu yeyote akikuvuta pembeni akuuzie dawa ambayo kwenye boksi ina alama ya serikali ya Uganda kwamba haiuzwi, achana naye na uende kuripoti, hiyo ni dawa ya mkeo anauziwa mara ya pili. Pia kuna upande wa kulipia, uliza mapema uko upande gani, wengine wanaongozwa huko bila kujua alafu bili inawashtua.

Sasa nikuambie pesa inapokwenda kweli. Inakwenda kwenye basi. Nauli ya watu wawili kutoka Kasese kwenda na kurudi, chakula cha siku mlizosubiri damu ipimwe, mahali pa kulala, boda ya kwenda kuchukua majibu, zidisha hiyo yote mara idadi ya dripu uone. Ndo maana uliza hili siku ya kwanza: je dripu zingine tunaweza kuchukulia Mbarara? Hospitali ya rufaa ya Mbarara ina kitengo cha kansa, na kwenu ni karibu zaidi kuliko Kampala. Kama daktari atakubali, Kampala mtaenda kwa yale makubwa tu. Na kabla ya kila safari piga simu uulize kama dawa imefika, na damu pimeni huku huku nyumbani siku mbili kabla, kwa sababu damu ikiwa chini hawampi kemo, mtarudishwa na nauli imeshaliwa.

Usibane bajeti kwenye kupima joto la mwili. Mnunulie kipima joto. Mgonjwa wa kemo akifika 38 hiyo ni hospitali usiku huo huo, siyo kumpa Panado mkasubiri asubuhi.

Kuhusu kibanja, kwanza ujue sheria ya ardhi ya Uganda haikuruhusu kuuza ardhi ambayo familia inaishi au inalima bila mkeo kukubali, kwa hiyo hata hao kaka zako wakipiga kelele namna gani, yeye lazima aulizwe. Nimeona wanawake wamepona wakarudi wakakuta hakuna pa kulima, hiyo inauma sana, mtu unamponya alafu umlishe nini? Kama pesa inahitajika mwezi huu, kodisha kipande kwa misimu miwili, uza mbuzi, na nenda kwenye kikundi chenu cha mazishi. Huku Buganda wanaita munno mukabi, na kwenu lazima mna cha namna hiyo. Waambie wazi: mngetuchangia sanduku na maharage ya matanga, naomba mtuchangie dripu akiwa hai. Watu wengi wetu tuna moyo wa harusi na msiba lakini mgonjwa tunamwachia mumewe, na siyo kwa ubaya, ni kwa sababu hakuna aliyetuomba. Pesa ya mchango usishike wewe wala mgonjwa, mtafutieni mtu mmoja anayeaminika, iingie kwenye laini moja ya simu, na risiti zionyeshwe kila mwezi, hapo watachanga hata mara ya pili.

Shangazi, mama yangu ana kansa ya mlango wa kizazi na anatakiwa mionzi. Jirani anasema mashine ya Mulago ilikufa, lazima twende Nairobi au India. Ni kweli?
*Binti wa Jinja*

Jirani yako anasema habari ya zamani, mwanangu. Ni kweli mwaka 2016 ile mashine iliharibika na ilikuwa moja tu nchi nzima, watu wakateseka kweli, wengine ikabidi wapelekwe Nairobi. Lakini Januari 2018 mashine mpya ilizinduliwa na baadaye zikaongezwa nyingine za kisasa. Kwa hiyo anzeni Mulago. Kuna foleni, sikatai, na ndo sababu ya kwenda wiki hii siyo mwezi ujao, jiandikisheni na mkumbushe. India watu wanakwenda wakiwa wameuza kila kitu na wengine wanaambiwa kule kitu kile kile walichoambiwa hapa. Kama mama anavuja damu sana au ana maumivu msisubiri tarehe, rudini mseme.

Na kama una mdogo wako wa kike wa miaka kumi, chanjo ya HPV, ile ya kuzuia kansa hiyo ya mlango wa kizazi, inatolewa bure tangu 2015, mpeleke.

Binti yangu, mimi ni bibi. Mjukuu wangu ana miaka sita, taya limevimba upande mmoja na meno yanalegea, tumeng'oa jino bado linazidi. Wengine wanasema amerogwa. Mama yake yuko Juba anatafuta. Tumeambiwa inaweza kuwa kansa na sina pesa ya kansa.
*Bibi wa Arua*

Shikamoo mama. Naomba barua hii umpe mtu akusomee leo na kesho asubuhi mtoke.

Taya la mtoto kuvimba hivyo na meno kulegea, kitu cha kwanza kufikiria ni uvimbe unaoitwa Burkitt. Jina ni la daktari Denis Burkitt, alikuwa anafanya kazi Mulago na mwaka 1958 ndo akauandika, watoto wa hapa hapa Uganda wenye mataya kama ya mjukuu wako. Siwezi kusema ni huo mpaka wapime, ila kama ni huo kuna mambo mawili lazima uyajue. La kwanza, unakua haraka kuliko karibu kansa zote, siku chache tu utaona tofauti, kwa hiyo kila wiki ya mganga ni wiki ya huo uvimbe. La pili, unasikia dawa vizuri sana. Mtoto akiwahi, anawekewa dripu na taya linarudi unashangaa, na wengi wanapona kabisa wanarudi shule. Kansa ya mtoto siyo kama ya mtu mzima mama, usiihesabu kama kifo.

Pesa: usisubiri iwe nyingi ndo uende, tafuta nauli tu. Hospitali ya Lacor pale Gulu imetibu watoto wa ugonjwa huu miaka mingi, na kwenu ni karibu kuliko Kampala. Anza hospitali ya rufaa Arua upate barua, alafu uliza kati ya Lacor na Mulago wapi wanampokea haraka. Mkipelekwa Kampala, usilale verandani na mtoto, uliza ofisi ya ustawi wa jamii pale pale juu ya Bless a Child Foundation, wao wana nyumba ya kulala watoto wanaotibiwa kansa na wazazi wao. Chukua barua ya LC (mwenyekiti wa kijiji) na kadi ya chanjo ya mtoto. Asing'olewe jino lingine. Na usikatishe dripu katikati eti kwa sababu uvimbe umepotea, hapo ndo wengi wanarudi wakiwa wabaya zaidi, malizeni zote.

Shangazi, nilimaliza matibabu ya titi mwaka jana, namshukuru Mungu. Lakini nina deni la sako (chama cha akiba na mikopo), biashara yangu ya chapati ilikufa nikiwa kwenye kemo, mkono wa upande wa oparesheni unavimba, na kila nikiumwa mgongo najua imerudi. Vidonge vya tamoksifeni vinaniletea joto usiku, nimefikiria kuacha ili nipunguze gharama. Watu wananiambia shukuru umepona, basi nanyamaza.
*Dada wa Bombo*

Dada yangu, usinyamaze. Kushukuru na kuchoka vinakaa mtu mmoja bila shida yoyote.

Vidonge kwanza: usiache. Tamoksifeni unameza miaka mitano, wengine mpaka kumi, na kazi yake ya kuzuia kansa isirudi ni hasa sasa, wakati hujisikii mgonjwa. Kati ya dawa zote za kansa hii ni ya bei nafuu, kuacha kwako kutakuokolea pesa kidogo na kukuweka kwenye hatari ya gharama ile kubwa tuliyotoka. Joto la usiku linasumbua, najua vizuri, lala na shuka jepesi, punguza chai ya jioni, na mwambie daktari kabla hujaongeza dawa yoyote maana kuna zinazogombana nayo. Ila ukitokwa damu isiyo ya kawaida au mguu mmoja ukavimba ukauma, nenda usisubiri kliniki.

Mkono: usikande unga kwa nguvu upande huo kwa masaa, na wasikuchome sindano wala kupima presha mkono huo. Muone mtu wa mazoezi ya viungo hospitali, atakufundisha kuukanda ukielekea juu begani na kuufunga bandeji, ukishajua unafanya nyumbani bure. Ukiwa mwekundu na wa moto, hayo ni maambukizi ya ngozi, yanataka dawa siku hiyo. Chapati unaweza kurudi, ila tafuta kijana wa kukanda wewe ukae kwenye jiko na pesa.

Sako: nenda kabla hawajakufuata. Chukua karatasi zako za hospitali, muone meneja, omba wapange upya malipo yawe madogo kwa muda mrefu na uulize kama mkopo wako ulikuwa na bima, mikopo mingine huwa nayo na mtu hajui. Usikope kwa wale wa mikopo ya simu kulipa sako, riba yao inakuzamisha.

Mgongo: maumivu yanayokuja ukibeba na kuondoka ukipumzika mara nyingi ni mgongo tu. Yanayokaa zaidi ya wiki mbili, yanayozidi usiku, au yakija na miguu kukosa nguvu, hayo peleka. Tarehe za kliniki usiruke hata moja, weka nauli yake pembeni kila wiki kama unavyoweka ya kodi. Na kuna kikundi cha wanawake waliopita huko, UWOCASO, kipo Kampala tangu 2004, wameanzisha wenyewe waliougua titi. Bombo siyo mbali, nenda siku moja ukae nao, uwaulize hata hayo ya chumbani ambayo hukuniandikia.