Maswali na majibu: Mgonjwa yuko kijijini, huduma shufaa inamfuata kwa simu

Maswali mengi ya wasomaji yaliyonifikia karibuni yanahusu jambo moja: familia zenye mgonjwa aliyezidiwa, mbali na hospitali, ambazo zinataka kujua kama tiba mtandao, yaani huduma ya afya kwa njia ya simu au intaneti, inaweza kuwasogezea daktari na muuguzi mpaka nyumbani. Mimi ni muuguzi wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, hapa Moshi, na nimechagua maswali yanayowakilisha mengine.

Mama yetu yuko Tarakea, Rombo. Ana saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa, na hospitali imemruhusu arudi nyumbani ili timu ya huduma shufaa imfuatilie kwa simu. Je, ndiyo kusema wamemkatia tamaa?

Hapana, dada. Huduma shufaa ni matibabu kamili, na kazi yake ni kushughulikia maumivu, kichefuchefu, kukosa usingizi, hofu na uchovu wa familia inayouguza. Inaweza kutolewa sambamba na mionzi au dawa za saratani. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziiingize huduma hii katika mifumo yao ya afya, ikiwemo huduma ya msingi na ya nyumbani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanaihitaji kila mwaka, na ni takriban asilimia 14 tu wanaoipata.

Kwa mgonjwa kama mama yenu, simu ina faida iliyo wazi. Mtu asiyeweza hata kukaa, akipakiwa kwenye Hiace kutoka Tarakea hadi Moshi mjini ili tu aulizwe anaendeleaje, safari yenyewe humrudishia maumivu tuliyokuwa tumeyatuliza. Ila kabla hamjatoka wodini, ulizeni nani atapiga, siku gani, kwa namba ipi, na nani apigiwe usiku hali ikibadilika. Majibu hayo yaandikeni nyuma ya kadi ya kliniki, kwa sababu usiku wa taharuki hakuna anayekumbuka namba.

Tunaishi ndani kabisa ya Longido, mtandao unapatikana kilimani tu, na simu tuliyo nayo ni kitochi. Je, bila video huduma inawezekana?

Inawezekana. Maswali muhimu ya muuguzi, yaani maumivu, usingizi, chakula, choo na hali ya kinywa, hujibika kwa sauti. Kubalianeni saa maalumu ya kupigiana, mchague msemaji mmoja wa familia, na kabla hajapanda kilimani mwandikieni majibu kwenye karatasi akiwa bado kando ya mgonjwa. Kama kitongoji chenu kina mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwombeni awepo, maana anaweza kupima joto na kuhesabu pumzi, na taarifa yake humsaidia daktari kuliko maelezo yetu sisi ndugu tulioshikwa na huzuni.

Bibi yangu yuko Ugweno. Kila anapoulizwa kwenye simu husema "sijambo, mwanangu," lakini tunaokaa naye tunaona anateseka. Daktari atamwelewaje?

Wazee wetu wamelelewa kuvumilia, tena wengi huona haya kumlalamikia mgeni, hivyo swali la "unaumwa?" halifai. Tumieni mkono. Chama cha Huduma Shufaa cha Afrika, chenye makao yake Kampala, kina kipimo kinachokwenda kutoka sifuri hadi tano, na kwenye vidole kinaeleweka hata kwa asiyejua kusoma: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu kabisa, kidole kimoja ni maumivu kidogo, na vidole vyote vitano ni maumivu yasiyovumilika. Anayekaa naye amwombe bibi anyanyue vidole, kisha aitaje namba hiyo kwenye simu.

Mwambieni muuguzi pia yale mliyoyaona kwa macho: anakunja uso anapogeuzwa? Ameamka mara ngapi usiku? Ameacha kusali akiwa amepiga magoti kama ilivyokuwa desturi yake? Kama anajieleza vizuri zaidi kwa Kipare, mkalimani awe mtu mzima anayemwamini. Nimewahi kusikia mjukuu mdogo akitafsiri maswali kuhusu sehemu za siri za bibi yake, na bibi akanyamaza mpaka simu ikakatwa.

Baba ameandikiwa morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Wajomba wanasema ni madawa ya kulevya na itamuua haraka. Pia ninauliza: dawa ikiisha, daktari anaweza kutuandikia nyingine kwa simu tukanunua hapa kijijini?

Hofu ya morfini, kwa maoni yangu, inawatesa wagonjwa wetu wengi kuliko hata ukosefu wa mtandao, kwa hiyo naomba wajomba nao wasomewe jibu hili.

Daktari huanza na kipimo kidogo, kisha hukiongeza hatua kwa hatua kulingana na maumivu yaliyobaki. Morfini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, na ndiyo maana hutolewa kwa saa zilizopangwa hata kama mgonjwa ametulia. Mkisubiri maumivu yarudi ndipo mtoe dawa, mtakuwa mnayakimbiza kutwa nzima bila kuyafikia. Ikitolewa kwa kipimo sahihi chini ya uangalizi, haifupishi maisha. Mwili huizoea, ndiyo, na kwa hiyo haiachwi ghafla bali hupunguzwa taratibu, lakini kuizoea huko si uraibu. Mraibu huitafuta dawa ili alewe, ilhali mgonjwa wa saratani huinywa ili aweze kulala, kula na kuzungumza na watoto wake.

Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo kwa kawaida hupungua vyenyewe. Kufunga choo hakupungui, na kwa sababu hiyo dawa ya kulainisha choo inapaswa kuanza siku ileile morfini inapoanza. Muuguzi akipiga simu na asiulize habari za choo, mkumbusheni.

Hapa ndipo simu inapofanya kazi kubwa. Tengenezeni karatasi yenye safu tatu: saa ya dozi, kiasi kilichotolewa na idadi ya vidole. Kiasi kipimwe kwa sirinji, wala kisikadiriwe kwa kijiko cha chai, kwa kuwa vijiko vya majumbani havilingani. Siku ya kupigiwa, someni karatasi hiyo mstari kwa mstari. Daktari akisikia kwamba baba ananyanyua vidole vinne kila alfajiri na ameamka mara tatu, anayo taarifa ya kumwezesha kurekebisha dozi siku hiyohiyo. Msibadilishe kipimo wenyewe. Na mkiona amelala usingizi wa kutoamshika, au pumzi zimekuwa chache mno, msimpe dozi inayofuata. Pigeni simu mara moja na mwelekee kituo cha afya kilicho karibu.

Kuhusu swali la pili, dawa hii haiuzwi kwenye duka la dawa muhimu. Inadhibitiwa kisheria, inahitaji cheti cha daktari, na huchukuliwa hospitali inayoitoa. Kwa hiyo simu hupanga safari ya dawa lakini haiifuti. Chupa ikibakiza ya wiki moja, pigeni, ili cheti kiandaliwe na ndugu mmoja aende akiwa na kitambulisho na kadi ya mgonjwa. Ihifadhiwe mahali pa kufungwa, mbali na watoto, na itakayobaki baadaye irudishwe hospitali.

Naongeza la moyoni. Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea huduma shufaa kuandika morfini tangu mwaka 2004. Natamani na sisi tufike huko, kwa maana tiba mtandao inayoishia kwenye maneno "daktari hayupo, pigeni Jumatatu" humwachia mgonjwa siku tatu za maumivu yaliyokuwa na dawa.

Dada yangu wa Monduli ana kidonda cha saratani ya titi kinachonuka, na muuguzi ameomba picha kwa WhatsApp. Tunaona aibu. Je, ni salama?

Kwanza mwombeni dada ruhusa, na akikataa msimlazimishe. Akikubali, pigeni picha mara baada ya kusafisha kidonda, karibu na mlango au dirisha, bila taa ya simu, kwani mwanga wake hubadilisha rangi ya nyama. Wekeni rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Uso na jina visionekane. Tumeni kwa namba ya huduma peke yake, kamwe si kwenye kundi la familia, kisha mzifute kwenye kila simu ya nyumbani iliyotumika. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hospitali nayo ina wajibu wa kuzitunza.

Harufu ina dawa, kwa hiyo msiivumilie kimya. Mwulizeni muuguzi kuhusu vidonge vya metronidazo vinavyosagwa na kunyunyiziwa juu ya kidonda. Mara nyingi huipunguza ndani ya siku chache, na dada anaweza tena kukaa sebuleni na wageni wake.

Daktari ataeleza majibu ya vipimo kwa simu. Ukoo wote unataka kusikiliza kwa spika. Ni sawa?

Mwenye haki ya kuamua ni mgonjwa. Aulizwe kabla ya siku hiyo kama anataka kuyasikia mwenyewe na akiwa na nani. Spika ikiwashwa, daktari aambiwe waliopo ni akina nani. Mtu mmoja akae kitandani kando yake, tena asiinuke mara simu inapokatwa, kwa kuwa maswali ya mgonjwa mara nyingi huja nusu saa baadaye, na hayo yaandikwe ili aulizwe daktari katika simu ya pili.

Niko Dar es Salaam, natuma fedha nyumbani Machame kila mwezi kwa ajili ya shangazi. Nitume nini kingine?

Kaka, sehemu ya fedha itengwe kwa mambo matatu: vocha ya simu inayotumika kwa huduma hiyo, nauli ya kufuata morfini, na glavu pamoja na mpira wa kutandika kitandani. Kisha mpigie yule anayemuuguza, siku ambayo huulizi habari za mgonjwa, umuulize amelala saa ngapi na nani anaweza kumpokea zamu japo Jumapili moja.