Lori la futi 26 lisilohitaji CDL kuvuka majimbo Marekani: jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu, umesema uko Columbus, Ohio, unataka kununua lori la boksi la futi 26, kama Fuso refu hivi, lenye uzito wa pauni 25,999, ubebe mizigo ya watu kwenda Indiana na Kentucky. Jamaa amekwambia kwa kuwa halihitaji CDL, ile leseni ya udereva wa magari makubwa ya biashara, kata bima, washa gari, ondoka. Nakusihi usiondoke bado. Mimi nimeendesha lori la ukubwa huohuo miaka sita kutokea hapohapo Ohio, na nilianza kwa kuambiwa maneno hayohayo.

Mwezi wangu wa tatu nilikuwa na magodoro naelekea Nashville. Nikaingia mizani, uzito ukawa sawa, nikaambiwa nipaki pembeni. Afisa hakuniuliza habari ya uzito hata kidogo. Alitaka cheti cha afya, kumbukumbu za saa zangu za siku ile na siku saba zilizopita, na karatasi ya ukaguzi wa gari wa mwaka. Namba ya USDOT, ile ya kusajiliwa serikalini kama msafirishaji, nilikuwa nayo, bima ninayo, kibali ninacho. Vile vitatu alivyotaka afisa sikuwa na hata kimoja, maana niliamini ni mambo ya wenye CDL. Nilizuiwa kuendesha kwa muda wa saa kumi, nikaandikiwa makosa, na dalali akamtafutia mzigo mtu mwingine. Usiku ule nililala kwenye kiti nikiwaza deni la gari.

Kosa langu lilikuwa kuchanganya namba mbili. CDL huanzia pauni 26,001. Lakini sheria za shirikisho za usalama wa magari ya biashara yanayofanya kazi kati ya majimbo huanzia pauni 10,001. Lori lako liko katikati: leseni ya kawaida inatosha, ila sheria nyingine karibu zote zinakuhusu. Na pauni hizo ni uzito wa juu kabisa ambao kiwanda kimeruhusu gari pamoja na mzigo wake, umeandikwa kwenye kibao mlangoni kwa dereva. Gari likiwa tupu bado linahesabiwa kwa kibao hicho. Wengine wananunua pikapu na tela wakidhani wamekwepa. Uzito wa vyote viwili hujumlishwa.

Jambo la pili linalowaponza wengi ni neno "kuvuka majimbo". Anayevuka ni mzigo, si lazima tairi zako zivuke. Ukichukua Columbus boksi zilizotoka New Jersey zikiwa safarini kwenda kwa mteja Dayton, unafanya biashara ya kati ya majimbo ingawa hujatoka Ohio.

Sasa makaratasi. Namba ya USDOT ni bure kwa FMCSA, ile idara ya shirikisho inayosimamia malori. Kwa kuwa utabeba mali ya wengine kwa malipo, utahitaji pia kibali cha kubeba, ambacho madereva tunakiita MC. Ada yake ni dola 300. Anayebeba bidhaa za duka lake mwenyewe hahitaji MC, lakini USDOT na sheria za dereva zinambana vilevile. Kibali hakianzi kufanya kazi mpaka kampuni ya bima ipeleke uthibitisho wake, na wakala apeleke fomu ya BOC-3, inayotaja mtu wa kupokea hati za mahakama kwa niaba yako katika kila jimbo. Halafu kuna UCR, usajili wa pamoja wa majimbo unaolipiwa kila mwaka. Kwa gari moja ni dola chache, usiisahau. Taarifa za USDOT nazo huhuishwa kila miaka miwili hata kama hakuna kilichobadilika.

Ukishajisajili, sanduku lako la barua litafurika. Zitakuja barua zenye nembo kama za serikali zikidai dola mia kadhaa "usifungiwe". Nyingi ni za kampuni binafsi. Usilipe kitu kabla hujathibitisha kwenye tovuti ya FMCSA yenyewe. Inaniuma kuona ndugu aliyejinyima miaka miwili apate gari anapoteza pesa namna hiyo.

Bima ndiyo itakayokukaba. Sheria inataka angalau dola 750,000 za madhara kwa wengine kwa mzigo wa kawaida, lakini madalali wengi hawakupi kazi bila milioni moja, pamoja na bima ya mzigo ya 100,000. Mwaka wangu wa kwanza nililipa zaidi ya dola elfu moja kwa mwezi kwa gari moja. Piga hesabu hiyo kabla ya hesabu ya bei ya gari.

Kuhusu saa: kuendesha mwisho saa 11, ndani ya dirisha la saa 14 tangu uanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Kuna nafuu ya safari fupi: ukibaki ndani ya maili 150 za anga, yaani kama 172 za kawaida, ukarudi ulikoanzia siku hiyohiyo ndani ya muda, huandiki logi, yaani kumbukumbu za saa zako, mwajiri anatunza tu saa za kuingia na kutoka, na mwajiri ni wewe. Kutoka Columbus, Indianapolis iko ndani ya duara hilo. Louisville iko nje. Kwa hiyo siku ya Louisville utaandika logi, na ukizidisha siku nane za namna hiyo ndani ya siku 30, lazima ufunge ELD, kifaa kinachorekodi saa zako kielektroniki. Ndiyo maana swali la njia utakazopita ni kubwa kuliko unavyodhani.

Cheti cha afya kinatoka kwa mpimaji aliye kwenye orodha ya kitaifa tu, na hakizidi miaka miwili. Uwe na umri wa miaka 21. Kwenye gari: jina la biashara na namba ya USDOT pande zote mbili, isomeke kutoka futi 50, kizimamoto kilichofungwa imara, pembetatu tatu za kuakisi, na uthibitisho wa ukaguzi wa mwaka.

Kingereza sasa. Sheria ya kumtaka dereva asome na azungumze Kingereza cha kutosha ni ya zamani, lakini tangu Juni 25, 2025 anayeshindwa huzuiwa papo hapo, na inawahusu hata wasio na CDL. Nina marafiki kutoka Bujumbura na Bukavu, madereva hodari, wanaojua njia kuliko mimi, na nawahofia. Fanyeni mazoezi ya kusema kwa sauti: umetoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, umeanza saa ngapi. Someni alama za barabarani pamoja jioni. Na usimtume mtoto akujibie kwenye simu. Afisa anataka kukusikia wewe.

Kuna usichohitaji pia, usije ukauziwa. Kwa gari lisilozidi pauni 26,000 lenye ekseli mbili huhitaji IFTA, ule mfumo wa kodi ya mafuta kati ya majimbo, wala namba za IRP, zile za usajili wa gari kwa majimbo mengi, na kodi ya shirikisho ya malori mazito, ya fomu 2290, huanzia pauni 55,000. Upimaji wa lazima wa dawa za kulevya ni wa wenye CDL. Ila ukipata mzigo wa New York, wao wana kodi yao ya barabara inayoanzia juu ya pauni 18,000. Jisajili kabla hujaingia.

Ndani ya miezi 12 ya kwanza utakaguliwa kama kampuni mpya. Wataomba faili la dereva, hata kama dereva ni wewe peke yako: rekodi ya leseni, cheti cha afya, matengenezo ya gari, saa zako. Anza faili hilo siku ya kwanza.

Kabla hujatoa pesa, fungua mlango wa dereva wa lori hilo, soma kibao, uandike hapa namba iliyopo. Usitegemee maneno ya muuzaji. Ikizidi 26,000, nitakuandikia upya habari za CDL, IFTA na IRP.