Anza na pembe ya ng'ombe: kwa wanaojifunza baragumu

Wanaotaka kujifunza baragumu karibu wote huuliza kwanza watapata wapi pembe ya tandala. Jibu langu halibadiliki: achana na tandala, nenda machinjioni. Pembe ya ng'ombe ni ya bei ndogo, pengine utapewa bure, na ukiiharibu utachukua nyingine. Pembe ya mnyamapori ni nyara, na sheria za wanyamapori, ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2013, zinamtaka mwenye nayo awe na kibali. Meno ya tembo usiyaguse kabisa. Siwa ya Pate, baragumu kubwa ya kifalme iliyochongwa kwa pembe za ndovu na kuzidi mita mbili, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Ukifika huko, kabla ya kustaajabia nakshi, tazama tundu la kupulizia liko wapi.

Liko ubavuni. Baragumu nyingi za Afrika zimetobolewa hivyo, kwenye ubavu karibu na ncha. Shofari ya Wayahudi, ya pembe ya kondoo dume, hupulizwa nchani, na hata Wayahudi wa Yemen wanaotumia pembe ndefu ya tandala iliyojipinda huipuliza huko huko. Mimi humshauri anayeanza atoboe ubavuni. Ncha inabaki huru, na baadaye unaweza kuitoboa kitundu kidogo cha kuziba na kuachia kwa kidole gumba, ukapata sauti ya pili.

Pembe ya ng'ombe ina gamba la nje na mfupa ndani. Ichemshe mpaka mfupa ulegee, kisha uuvute utoke. Fanyia kazi hiyo nje, harufu yake haivumiliki jikoni. Upande wa ncha hauna uwazi, kwa hiyo chomeka waya mpaka ugote, pima urefu ule kwa nje, utie alama. Tundu likae nyuma kidogo ya alama, upande wa mdomo mpana wa pembe, wala si juu ya alama yenyewe. Toboa dogo, la umbo la yai, ulipanue polepole kwa tupa ya mviringo huku ukijaribu kupuliza. Tundu dogo utalipanua kesho. Likishakuwa kubwa mno hulirudishi. Kingo zilainishe kwa msasa mpaka zisikwaruze mdomo, na vaa barakoa, vumbi la pembe si la kuvuta.

Sasa midomo, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Pembe hailii kwa wingi wa pumzi. Kinacholia ni midomo yako ikitetemeka, na pembe hukuza mtetemo huo. Fumba midomo, ibane kidogo pembeni, pitisha pumzi nyembamba katikati mpaka ivume kama nyuki. Hilo lifanye bila pembe kwanza. Ukiegemeza midomo kwenye tundu, usiikandamize na usivimbishe mashavu. Ikilegea utapata sauti nzito, ukiibana zaidi sauti itaruka juu, na pembe fupi haina nyingi zaidi ya hizo. Ukihisi ganzi, weka chini mpaka kesho.

Ukishaweza hilo, milango mingi imefunguka, maana kome la baharini hulia kwa kanuni hiyo hiyo. Katika pango la Marsoulas, kusini mwa Ufaransa, kome lilichimbuliwa mwaka 1931 likadhaniwa ni chombo cha kunywea. Mwaka 2021 watafiti walieleza kwamba ncha yake ilivunjwa makusudi miaka kama 18,000 iliyopita, wakampa mwanamuziki wa ala za kupulizwa, akatoa nalo sauti tatu. Mimi habari hii hunigusa sana: mtu wa zamani zile alijua mahali pa kuvunja. Ila ukitaka kome, chukua lililokufa tayari. Kome kubwa hai la jamii hiyo hula viti vya pweza vyenye miiba vinavyoharibu matumbawe, na miamba yetu inalihitaji. Yidaki, ala ndefu ya kupulizwa ya Wayolngu, wenyeji wa kaskazini mwa Australia, yaani mkaratusi uliotobolewa na mchwa na kupakwa nta mdomoni, iache kwanza. Upumuaji wake wa mfululizo, kuvuta pumzi puani bila kukatiza sauti, ni somo la peke yake.

Jambo ambalo ningependa ulianze mapema ni kupiga na wenzako. Sauti mbili za pembe moja huchosha haraka, na wazee wa Bunyoro na Tooro, falme za magharibi mwa Uganda, walilitatua hilo vizuri kuliko wote. Makondere, baragumu za kifalme zilizoundwa kwa vibuyu virefu, kila moja hutoa sauti yake, na wimbo hupatikana kwa kupokezana. Muziki huo ulipata pigo falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967, mpaka zilipoanza kurejeshwa 1993. Tafuta wenzako wawili wenye pembe za urefu tofauti. Mmoja apige makofi, kila mtu ashike pigo lake, na asiye na zamu anyamaze kabisa. Msiongeze kasi mpaka kila mmoja aweze kuingia bila kumtazama mwenzake.