Kitulo mwezi wa tatu: usikate lile bonde, zunguka

Mkuu, usikate lile bonde.

Nimesoma swali lako kuhusu safari ya Kitulo mara mbili na moyo umenienda mbio, kwa sababu maneno uliyoandika ni yale yale niliyoyasema mimi miaka minne iliyopita, begi likiwa mgongoni: "kwenye ramani ya simu kuna njia inakatisha katikati, inaokoa kama saa mbili." Umeuliza barabara ya kupandia, malazi, lenzi ya kupigia maua, viatu, halafu hilo la njia ya mkato ukaliweka mwisho kabisa kama jambo dogo. Mimi naanza na hilo, mengine yatasubiri.

Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, inasifiwa kwa maua. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Okidi peke yake ni aina zaidi ya arobaini. Yote hayo utayasikia kabla hujafika. Usichoambiwa ni kwamba yale mabonde mapana katikati ya vilima, yanayoonekana kama uwanja wa mpira uliomwagiliwa vizuri, mengi si uwanja. Ni tindiga, yaani kinamasi kilichofunikwa na nyasi.

Kule juu ni kama mita 2,600. Mvua inaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, baridi ipo mwaka mzima, na maji ya bondeni hayana haraka ya kuondoka. Majani yakifa yanalala kwenye maji, hewa haiyafikii, hayaozi yakaisha. Yanalaliana, mwaka juu ya mwaka, mpaka chini panakuwa na mboji nyeusi iliyolowa, laini kama uji wa ulezi. Kwa kawaida udongo wa namna hiyo unaongezeka kama milimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: ukizama mita moja umepita katikati ya majani ya miaka elfu. Juu yake mizizi ya nyasi imeshikana kama mkeka, na wewe unatembea juu ya mkeka. Mwezi wa kumi, kiangazi kikiwa kimekausha, mkeka unabeba mtu vizuri. Mwezi wa tatu haubebi. Huyo aliyechora hiyo njia kwenye ramani huenda alipita Oktoba na viatu vikavu. Simu haikuambii alipita mwezi gani.

Sisi tulikwenda Februari, watu watatu: mimi, shemeji yangu, na rafiki tuliyesoma naye. Tulikuwa tumempata kijana mmoja mjini Mbeya aliyejitambulisha kuwa mwongozaji, anaijua Kitulo kama chumba chake. Tukamlipa. Tulipofika ukingoni mwa bonde nikamwuliza, hapa panapitika? Akanijibu bila kupepesa macho: "Hapo ni majani tu, kaka. Dakika ishirini mko ng'ambo. Mimi nazunguka na gari nawasubiri upande ule." Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile nakasirika upya. Mtu asiyejua akisema sijui, hakuna atakayemdharau. Lakini kumwambia mgeni "panapitika" mahali ambapo hujawahi kuweka mguu wako, kisha ukapanda gari, huo si uongozaji. Ni kucheza na roho za watu. Na wapo wengi, Mkuu, wanakaa stendi wanasubiri watu kama wewe mnaotoka Dar na likizo ya siku nne. Chukua mwongozaji anayetambuliwa na hifadhi yenyewe, na mtake atembee nanyi kwa miguu yake, hatua kwa hatua.

Dakika kumi za kwanza palikuwa pazuri mno. Maua ya njano, meupe, ndege wanaruka. Kisha nikaona kitu ambacho kama ningekielewa siku ile ningegeuka palepale: nilipokanyaga, nyasi zilizokuwa hatua tatu mbele yangu zilitikisika. Si upepo. Ardhi yote ilikuwa inacheza, kama godoro unapokaa upande mmoja na mtoto aliyelala upande wa pili ananyanyuka. Maji ya rangi ya chai ya rangi yakajaa kwenye nyayo zetu. Tukasema ni matope ya kawaida, twendeni. Nani arudi wakati ng'ambo tunaiona?

Shemeji alikuwa mbele. Alikanyaga mahali palipokuwa na kijani kibichi kuliko kwingine, kizuri, laini. Hakupiga kelele. Alishuka tu. Mguu mmoja mpaka nyonga, wa pili mpaka gotini, na ikatoka harufu kama ya yai viza. Akajaribu kuuvuta mguu kwa nguvu, na kila alipovuta ule mwingine ukaenda chini.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, na ndiyo sababu nimekaa kuandika usiku huu. Nilimkimbilia. Nikamshika mikono, nikamvuta kwa nguvu zangu zote kama mtu anayeng'oa muhogo. Goti likateguka, nilisikia likilia. Mimi mwenyewe nikazama mpaka mapajani, na kamera iliyokuwa inaning'inia shingoni ikaingia kwenye maji yale meusi.

Aliyetuokoa ni yule rafiki yetu aliyebaki nyuma, ambaye alikulia Makete na amewahi kuona ng'ombe akitolewa. Alitupigia kelele tulale. Tulale! Nilifikiri amechanganyikiwa. Lakini ndiyo njia yenyewe: unavua begi, unalitupa mbele yako, unaliegemea kwa kifua ili uzito wako utawanyike, kisha mguu unauchezesha taratibu, taratibu sana, maji yapate kupenya pembeni yake, unauvuta kidogo kidogo kwa pembe. Hakuna kusimama. Ukitoka unatambaa kwa tumbo kurudi ulikotoka, si kwenda mbele. Ilituchukua karibu saa nzima kumtoa shemeji. Buti lake la kushoto lilibaki humo. Nilisikia linavyonyonywa.

Na bado hilo halikuwa baya kuliko yote. Ilipofika saa nane mchana ukungu ulishuka, ukafuata upepo na manyunyu. Tulikuwa tumelowa mpaka ndani, mita 2,600 juu, na fulana za pamba. Shemeji alitetemeka meno yakigongana, kisha akaacha kutetemeka, mimi nikashukuru Mungu nikidhani amepata nafuu. Akaanza kuniuliza kama tumefunga mlango wa nyumba ya Uyole. Nikamjibu. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena swali lile lile, kwa sauti ile ile. Kisha akasema tumwache akae kidogo, amechoka, alale. Mkuu, mtu aliyelowa kwenye baridi akiacha kutetemeka na kuanza kuomba usingizi, hajapata nafuu. Mwili umeshindwa kujipa joto. Akilala pale anaweza asiamke. Mimi sikulijua hilo, nilikuwa nataka kumwachia apumzike! Rafiki yetu ndiye aliyemkokota, mguu mmoja peku na goti limevimba, mpaka tukafika kwenye mashamba ya viazi nje ya mpaka wa hifadhi.

Mama mmoja alituona, akaacha jembe. Alimwingiza jikoni kwake, akatuamuru tumvue nguo zote mbichi, akamfunika mablanketi mawili, akamnywesha chai ya sukari nyingi kijiko kwa kijiko. Alipoona anaanza kutetemeka tena ndipo na yeye akakaa. Akatuuliza, "Wanangu, nani kawapitisha tindigani na mvua hizi? Sisi hata ng'ombe hatumpitishi." Sikuwa na la kumjibu. Yule kijana wetu na gari tulimkuta jioni, amelala kwenye kiti.

Shemeji alitembelea magongo wiki sita. Kamera ilikufa, milioni moja na laki nane. Hiyo si kitu. Dada yangu alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: zunguka. Fuata mgongo wa kilima, hata kama saa mbili zinakuwa tano. Ukiona nyasi zinatikisika mbele ya mguu wako, rudi kwa nyayo zako mwenyewe. Ukiona kijani kimezidi wenzake, hapo maji yamejificha. Ukilazimika kuvuka kijito, shika fimbo ndefu, ichomeke kwanza, na pale ambapo fimbo inaingia bila kukataa usiweke mguu. Kila mtu abebe nguo kavu seti moja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, sweta la sufu si la pamba, na chupa ya chai. Zunguka hata kwa ajili ya bonde lenyewe. Okidi nyingi zinaota hapo hapo kwenye unyevu, tayari zimeteswa vya kutosha na watu wanaochimba viazi vya mizizi yake na kuvipeleka Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na maji yanayohifadhiwa humo ndiyo yanayoshuka bonde la Usangu na kwenda mto Ruaha Mkuu. Hatua zetu tatu zilifungua shimo ambalo halitazibika katika maisha yangu.

Watakuja hapa watu kukuambia wamepita Kitulo mara kumi na hawajaona tindiga lolote. Waulize walipita mwezi gani, na kama walitoka kwenye barabara.

Barabara, kama unatokea upande wa Dar, pandia Chimala kwenda Matamba. Ndizo zile kona 57, nzuri kwa macho lakini mvua ikinyesha zinataka gari la nguvu na dereva asiye na haraka. Ofisi za hifadhi ziko Matamba, pitia hapo kwanza umpate mwongozaji. Ukitokea Mbeya mjini unaweza kuingilia Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu. Maua mwezi wa tatu utayakuta, na mengi utayaona kutoka kwenye ardhi kavu pembeni mwa njia, huna haja ya kuyafuata bondeni.

Umesema mnakwenda na mama yako na watoto wawili. Ile njia uliyoipakua ifute kwenye simu sasa hivi, kisha uniandikie hapa kwamba umeifuta.