Sampuli Iliyoshiba Maji Haivimbi: Kwa Mnaoanza Kupima Udongo wa Mfinyanzi

Ripoti za vijana wapya zinaendelea kuja na sentensi ileile: "Sampuli imevimba kwa asilimia 0.4, udongo unafaa kwa msingi wa kawaida." Ukigeuza ukurasa mmoja nyuma unakuta LL 68 (kikomo cha umajimaji, yaani unyevu ambao udongo unaanza kutiririka), PL 26 (kikomo cha unyumbufu, yaani unyevu ambao unaanza kukatika ukifinyangwa), PI 42 (tofauti ya hivyo viwili). Katika uainishaji wa Holtz na Gibbs wa 1956, PI inayozidi 35 ni udongo wa kuvimba sana. Wadogo zangu, kurasa mbili za ripoti moja zinagombana na aliyeziandika hasikii! Mikono yenu ni mizuri, mnajituma, lakini makosa haya ni yaleyale yaliyowapata waliowatangulia, na nyumba za watu ndizo zinazopasuka. Hebu tuyapitie.

1. Kazi inaanzia shimoni. Kabla ya kujaza mfuko wa sampuli, soma kuta za shimo: nyufa zinashuka hadi kina gani, mizizi inaishia wapi, na je, bonge likivunjwa linaachia nyuso laini zinazong'aa kana kwamba zimepakwa mafuta? Nyuso hizo ni alama kwamba udongo umekuwa ukivimba na kusukumana wenyewe kwa wenyewe miaka mingi. Chukua sampuli ya unyevu kila nusu mita, kwenye kopo lenye kifuniko. Kwa edomita, yaani kifaa kinachopima udongo unavyovimba ukiwa ndani ya ringi na chini ya mzigo, bonge lililokatwa kwa kisu ni bora kuliko bomba lililogongwa kwa nyundo. Lizungushie plastiki, kisha nta, palepale shimoni, maana bonge lililosahauliwa mchana kutwa nyuma ya gari si udongo wa shimo lile tena.

2. Oveni ya nyuzi 105 hadi 110 ni ya kupimia unyevu. Sampuli ya LL usiioke: joto linaweza kugandisha chembe ndogo pamoja, LL ikashuka, na udongo mkorofi ukaonekana mpole. Uandae ukiwa na unyevu wake, uchanganye na maji yaliyokenekwa, uufunge usiku kucha ndipo ukae kwenye kikombe cha kupimia LL. Na mkumbuke kwamba PI ni ya kile kilichopita chekeche la mikroni 425 tu. Kama nusu ya udongo ilibaki juu ya chekeche, PI 42 inawakilisha nusu ya ardhi. Izidishe kwa sehemu iliyopita kabla ya kumtisha mteja.

3. Upau wa kunywea (yaani kusinyaa udongo unapokauka) ni kipimo cha bei rahisi mnachokidharau. Ukimwaga udongo kwenye kalibu ya milimita 140 ukiwa kwenye LL, ukakauka hadi milimita 113, umenywea asilimia 19.3. Zidisha kwa 2.13 upate makadirio ya PI: kama 41. Ukipata PI ya kumi na tano huku meza ya pili inasema 42, mmoja wenu amekosea. Ila upau ukaushwe kwanza taratibu hewani. Ukiingizwa oveni mbichi unapinda na kukatika.

4. Kuvimba huru: mililita 10 za udongo mkavu kwenye silinda ya mililita 100 yenye maji, saa 24, kisha soma. Ukifika 20, ni asilimia 100 na kengele imelia. Hiki ni kipimo cha mchujo wa awali tu, hakikupi milimita za kupandishwa kwa jamvi (sakafu ya zege).

5. Sasa edomita, na hapa tukae.

Zile asilimia 0.4 zinapatikanaje? Shimo limechimbwa katikati ya mvua. Bonge limetoka na unyevu wa asilimia 34, limetunzwa vizuri kabisa, limekatwa kwenye ringi ya milimita 20, limewekewa mzigo mdogo, likamwagiwa maji. Geji inayopima mwinuko imesogea milimita 0.08 ikasimama. Kila hatua imefuatwa na hesabu ni sahihi. Lakini PL ya udongo huo ni 26! Udongo wenye unyevu unaoizidi PL kwa pointi nane umeshakunywa huko ardhini, na umeshavimba kabla hujafika na sepetu. Umempa maji aliyeshiba, ukaandika kwamba hajui kunywa.

Kinachovuta maji kwenye mfinyanzi wa aina hii ni ukavu wake. Madini ya smektaiti yana tabaka nyembamba mno, na maji yanaingia katikati ya tabaka na kuzisukuma zitengane. Kadiri udongo ulivyo mkavu mwanzoni, ndivyo mvutano ulivyo mkubwa na safari ya kuvimba ilivyo ndefu. Udongo uleule ukichukuliwa kiangazi ukiwa na asilimia 19, geji inaweza kwenda milimita 1.2, yaani asilimia 6. Mahali ni palepale na udongo ni uleule, unyevu wa mwanzo pekee ndio uliobadilika.

Kosa hili linauma kwa sababu nyumba inalifichua taratibu. Msingi umejengwa juu ya udongo ulioshiba. Kiangazi kinafika, kingo za jamvi zinakauka, katikati panabaki na unyevu kwa kuwa zege limezuia uvukizi. Kingo zinashuka, pembe za madirisha zinachanika. Nyumba ya jirani, iliyojengwa wakati wa ukame, inapata kinyume chake: mvua za kwanza zinanyanyua kingo, na miaka ikipita katikati nako kunapanda.

Basi, ukiona unyevu asilia umezidi PL, simama. Tafuta sampuli za wakati mkavu, au kausha bonge taratibu hadi unyevu mdogo unaotarajiwa pale. Likishakauka ndipo ulikate upya, kwa sababu udongo uliokaukia ndani ya ringi unaacha mwanya pembeni, na utavimba kuujaza mwanya huo kabla ya kuisukuma geji. Mawe yenye vinyweleo, yale yanayoibana sampuli juu na chini, yawe makavu unapofunga kifaa; jiwe bichi linaunywesha udongo kabla hujaandika sifuri. Wala usifunge kazi baada ya saa 24 kwa mazoea. Mfinyanzi mzito unaweza kuendelea siku kadhaa, kwa hiyo chora usomaji dhidi ya logi (logariti) ya muda na usubiri mchoro ulale.

6. Mzigo uwe wa mahali husika. Jamvi la milimita 100 linakandamiza kPa 2.4 tu (kilopaskali, kipimo cha mgandamizo), ukipima kuvimba kwa mzigo wa kPa 50 umepima msingi wa ukuta, si sakafu. Kwenye kina cha mita 0.75 udongo wa juu unaleta kama kPa 13.5. Gawa eneo linalobadilika unyevu katika tabaka za nusu mita, kila moja na mzigo na unyevu wake, kisha jumlisha. Wastani wa asilimia 3 kwenye mita 2 ni milimita 60, na hakuna ukuta wa tofali utakaovumilia tofauti hiyo kati ya pembe moja na nyingine.

Ile sentensi ya ripoti, basi, iandikwe hivi: "Sampuli ya kina cha mita 1.5, iliyochukuliwa wakati wa mvua, unyevu wa mwanzo asilimia 34 dhidi ya PL 26, ilivimba kwa asilimia 0.4 chini ya mzigo wa kPa 5. Matokeo haya hayawakilishi hali ya kiangazi. Kipimo kirudiwe kwa sampuli kavu kabla ya kuchagua aina ya msingi."