Sungura Wako Si Mtukutu, Kizimba Ndicho Kidogo

Juzi dada mmoja aliniandikia: "Sungura wangu anang'ata nyaya za kizimba usiku kucha, hatulali. Nimfanyeje aache utundu?" Nikacheka. Kisha nikanyamaza, maana miaka mitatu iliyopita swali hilohilo nililiuliza mimi, tena kwa maneno makali zaidi.

Wangu anaitwa Bwana Mdogo. Nilimnunua pamoja na kizimba chake: chini waya, pembeni waya, juu waya. Muuzaji akanieleza kwamba kinyesi kitadondoka chenyewe kwenye trei na mimi sitapata kazi yoyote. Hayo ya "hutapata kazi" ndiyo yaliyoniingia. Miezi minne nikala raha. Asubuhi namwaga trei, naweka chakula, naenda zangu. Usiku yeye anang'ata, mimi nafunika kizimba kwa shuka ili nilale.

Siku nilipompakata nimkate kucha ndipo nikaiona miguu yake ya nyuma. Kisiginoni manyoya yalikuwa yamekwisha, ngozi nyekundu inang'aa, na mguu wa kushoto una kidonda kinacholingana na harage. Sungura hana vile vinyama laini vya chini ya wayo kama paka au mbwa. Ana manyoya tu, na uzito wote ulikuwa unakaa juu ya waya. Daktari wa mifugo aliniuliza swali moja: "Huyu analala wapi?" Sikujibu. Nikilikumbuka lile swali hadi leo natamani ardhi ipasuke.

Ya matibabu siyasimulii, yalikuwa marefu. Nieleze nyumba.

Kizimba nilikitoa kabisa. Nikachukua kona ya sebule, nikaizungushia uzio wa kukunja, mita 3 kwa 2. Ndugu zangu wakasema nimempangishia sungura chumba. Waseme. Mnyama huyu anataka kuruka mara tatu nne mfululizo bila kugonga kitu, na anataka kusimama kwa miguu ya nyuma masikio yakiwa wima. Chini nikatandika zulia, kwa sababu kwenye vigae alikuwa anateleza kama mlevi.

Choo ndicho kilichonipa sifa. Sungura hupenda kujisaidia huku anatafuna, basi nikaweka beseni pana kwenye kona aliyokwisha kuichagua mwenyewe, nikarundika nyasi kavu upande mmoja wa beseni. Wiki haikuisha vizuri, akawa anaingia bila kuitwa. (Ndiyo, nilipiga picha. Ndiyo, niliwatumia wale waliocheka.) Ndani natandika vipande vya karatasi. Ule mchanga wa paka unaoganda ukilowa msiuweke, akiula unaweza kumziba tumbo, na sungura hawezi kutapika. Nyasi nazo ziwepo muda wote: ndizo chakula chake kikuu, na kwa kuwa meno yake hayaachi kukua, ndizo zinazoyasaga.

Maficho nilikosea. Nilimpa boksi lenye mlango mmoja, akalizunguka siku mbili asiingie. Nikatoboa mlango wa pili upande wa nyuma. Dakika kumi hazikupita, yumo ndani. Mnyama anayewindwa haingii shimo lisilo na pa kutokea. Hata mimi nisingeingia.

Waya wa taa aliukata mara moja tu, safi kama kwa mkasi. Bahati yangu haukuwa umechomekwa. Sasa nyaya zote zimepita ndani ya bomba la plastiki. Na kona isiwe inayopigwa na jua: sungura hatoi jasho, joto lake hulitolea masikioni, na joto la chumba likipita nyuzi 26 hivi anaanza kuteseka.

Sasa niseme ukweli, na atakayekasirika akasirike. Wengi wetu tunanunua mnyama awe pambo, kisha tunamwita mtukutu akidai kuishi. Sungura huchangamka alfajiri na jioni, na saa hizo ndizo tunazomfungia. Anaweza kuishi miaka 8 hadi 12. Hebu wewe kaa miaka kumi kwenye kitu usichoweza kugeukia, halafu uambiwe usigonge mlango!

Bwana Mdogo siku hizi akimaliza kula hujitupa ubavu, puu, miguu ameinyoosha nyuma, macho nusu. Mara ya kwanza nilidhani amekufa.

Kwa hiyo dada yangu, kabla ya kutafuta dawa ya utundu, mpakate leo umtazame nyayo. Mshikilie vizuri sehemu ya nyuma, maana akirusha mateke hewani mgongo unaweza kuvunjika. Ukiona wekundu usiniandikie mimi, mpeleke kwa daktari.